Makofi Matatu Udongoni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeficha macho yangu. Mwaka wa pili unakwisha sasa. Nimeamua kuliandika hapa kwanza, mahali ambapo hakuna atakayesoma — hata mimi mwenyewe siwezi kuusoma mwandiko huu.

Katikati ya kila kitu pana kiwingu. Kando kando naona. Nikitaka kuuona uso wa mtu, namtazama sikio. Watu husema, Mwalimu amekuwa mnyenyekevu uzeeni, hamkazii mtu macho. Kumbe naitafuta pua yako ilipo.

Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia magunia. Rula iko chini ya mstari, mkono unaifuata. Nikikosea mistari inapandana. Na ipandane.

Kama ni macho tu, wazee wote wa mji wetu wa Kolhapur wangekuwa na la kutubu. Lakini mimi ni mwamuzi wa mieleka. Miaka thelathini nimesimama kwenye udongo mwekundu wa ukumbi wetu nikisema nani kaanguka na nani bado. Mabega yote mawili yakigusa chini, umeonyeshwa mbingu, umeshindwa. Bega moja, endelea. Kati ya bega moja na mawili pana nafasi ya kiganja, na kiganja hicho hukaa katikati kabisa ya kiwingu changu.

Nawezaje, basi? Kwa masikio. Watoto wetu wana desturi mpya: aliyeangushwa hupiga udongo kwa kiganja mara tatu, mwenyewe. Pa, pa, pa. Sijui waliitoa wapi. Kwenye televisheni labda. Ilianza wakati ule ule macho yalipoanza kuniaga, nikamshukuru Mungu kimya kimya. Nasikia makofi, namwinua mkono yule mwingine. Wageni wanasifu: hapa aliyeshindwa hujitangaza mwenyewe, adabu gani hiyo! Mimi naitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeifundisha.

Leo daktari amesema figo zimechoka na moyo unazifuata. "Mwaka huu, Mwalimu. Ukiacha chumvi, na kipande cha mwaka ujao." Nilishuka ngazi zake mwepesi. Ajabu. Mtu akijua safari imekaribia, huanza kuweka mizigo chini. Huu wa macho nataka niutue kabla.

Jumatano, 5 Machi

Leo kapakwa mtoto mpya. Anaitwa Chimi, ana miaka minane, wazazi wake ni wakata miwa kutoka wilaya ya Beed. Ndio watoto tunaowachukua. Miaka ile mimi bado mkuu wa chuo, na Ustadhi Yesba, mkufunzi wa mieleka, bado hai, tulikuwa tunawaona kila msimu: mikokoteni inapita na miwa, juu ya miwa watoto, shule imebaki kijijini. Yesba akasema, mimi nina udongo, wewe una vitabu, tuwape vyote. Shirika likaanza hivyo. Udongo kabla ya jua, shule mchana, maziwa jioni.

Kupakwa ni hivi. Mtoto mpya husimama ukingoni. Mkubwa mmoja huchota udongo, humpaka kwenye paji la uso na mabega. Tangu hapo ni ndugu yake wa udongo. Chawa za mdogo ni zake. Hesabu za mdogo ni zake. Mdogo akifeli mtihani, mkubwa anachuchumaa na kuinuka mbele ya wote mpaka magoti yaombe radhi.

Chimi alipakwa na Mukta. Akaunusa udongo.

"Una nini huu?"

"Mtindi, manjano, ndimu, mafuta, kafuri," Mukta akamwambia.

"Kumbe ni mchuzi. Mnaoga mchuzi."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata Ustadhi Sarjerao, aliyerithi udongo wa Yesba na ambaye hucheka kwa msimu kama miwa.

Mukta ana miaka kumi na mitano. Alikuja umri wa Chimi, mkono wa kulia umepungua ncha za vidole viwili. Mundu wa baba yake, kwenye miwa, gizani. Ndiye bora tuliyenaye. Na ndiye tunayeelekea kumpoteza. Kwenye miwa watu huajiriwa wawili wawili, mume na mke, na kwa pamoja huitwa mundu mmoja. Msimu huu mama yake kavunjika mgongo chini ya mzigo. Baba peke yake ni nusu mundu, na nusu mundu haiajiriwi. Ametuma neno: Mukta akipata nafasi ya Pune, yeye baba atajibana, ataungana na shemeji yake. Asipoipata, mwezi wa kumi anaingia shambani.

Mjini Pune kuna bweni la wasichana wa mieleka. Wanalala, wanakula, wanasomeshwa hadi chuo. Kila mwaka shirika letu na lile la Sangli, mji jirani, hupeleka msichana mmoja tu kwa pamoja. Huamuliwa kwa pambano moja, udongoni, kwenye sikukuu ya kijiji. Mwaka huu tena wenyeji ni sisi, Jumapili ya tarehe kumi na sita. Mwamuzi ni mzee wa wenyeji.

Yaani mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejua leo makofi yalitoka wapi.

Baada ya mazoezi nilikuwa nimepumzika kwenye benchi nyuma ya ukuta, pale panapowekwa majembe ya kulimia udongo. Upande wa pili Mukta anamfundisha Chimi kuanguka. Hawakujua nipo.

"Ukianguka, piga. Mara tatu. Asikie."

"Nani asikie?"

"Mwalimu."

"Si anatazama?"

Kisha Mukta, taratibu: "Anatazama. Haoni."

"Ni kipofu?"

"Ni Mwalimu. Na hatusemi."

"Nani kakataza?"

"Hakuna aliyekataza. Hatusemi tu."

"Na nikinyamaza? Nikianguka nisipige, atajuaje?"

"Hatajua. Utakuwa umemwibia kipofu kutoka kwenye bakuli lake."

"Umesema si kipofu."

"Chimi. Piga udongo."

Pa, pa, pa. Makofi madogo, kama mtu anapiga chapati.

Nilikaa pale. Kwanza masikio yaliniwaka. Halafu nikaanza kucheka, nikaziba mdomo kwa kitambaa cha bega, nikacheka mpaka kikohozi kikanishika na machozi yakanitoka. Miaka miwili! Nilidhani nawaficha watoto arobaini. Watoto arobaini ndio wanaonificha mimi.

Nimerudi nyumbani nimeegemea fimbo, nikihisi kama mtu aliyevuliwa koti la mvua siku ya jua.

Jioni hii nimeanza kufikiri upande wake mwingine. Kila kofi nililosikia, mtoto alikuwa anasema kwa mkono wake mwenyewe: nimeshindwa. Angeweza kunyamaza. Wapo walioshindwa kwa upana wa nywele, wazazi wao wakiwa wamesafiri kutwa kuja kuwaona, nao wakapiga. Kwa ajili ya heshima yangu.

Nawajua wote kwa makofi yao sasa. La Mukta ni la kushoto. Kavu, halina mwangwi, kama kibao kinachoangukia kibao.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwita Sarjerao. Nalini, mke wa mwanangu, ndiye aliyemleta, akatuwekea chai, akatoka na kuuacha mlango wazi ili asikie. Nikamtazama Sarjerao sikio. Sikio lake limevunjwa na mieleka mpaka linafanana na uyoga. Ni sikio linalostahili kutazamwa.

"Sarjerao, sioni."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Chai inapoa."

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akapuliza chai yake. Akasema tangu siku ile ya mvua nilipomwinua mkono yule aliyelala chali. Watoto walicheka wakidhani natania, mpaka walipouona uso wangu. Aliyelala chali alikuwa Mukta, miaka kumi na mitatu. Nilimpa ushindi na nazi ya mshindi. Alikwenda nyuma akalia, akasema nazi ile hailiki. Kesho yake aliposhindwa alipiga udongo. Wenzake wakamtazama. Kesho kutwa wote wakapiga.

"Hukuwaambia wewe?"

"Mimi nifundishe adabu?" akasema. "Mimi nafundisha kukamata mguu."

Nikamwambia Jumapili ijayo asimame yeye kati, mimi nipumzike. Akatikisa kichwa. Sangli walikubali pambano lifanyike huku kwa sababu ya jina langu. Ustadhi wao, Hindurao, amewafundisha hata watoto wake kupiga udongo, kwa kutuiga sisi. Na wakisikia leo kwamba mwamuzi haoni, wataulizia na miaka miwili iliyopita. Wasichana wawili wako Pune tayari, mmoja wetu, mmoja wao. Nani atawatoa?

"Masikio yako ni mazima?" akaniuliza.

"Mazima."

"Wote wawili wanapiga. Simama mara hii moja tu. Sikukuu ikipita, sema upendavyo, hata kwa kipaza sauti."

Nikakubali. Nilifurahi, na upesi sana. Zimebaki siku chache, mzigo nautua.

Jumanne, 11 Machi

Miguu imevimba. Hakuna chumvi, hakuna ladha. Bhakri, mkate wetu wa mtama, bila chumvi ni kama hotuba ya waziri.

Nimegundua Nalini huniwekea kikombe mkono wa kushoto, ukingoni mwa meza, kila siku, mahali ninapoona. Kumbe na yeye.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu uliponywea kikombe cha mgeni, Baba."

Nimelala mchana wote kama mtoto aliyenyonya.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Holi, sikukuu ya moto. Moto umewashwa uani, Nalini kapika mikate ya sukari guru. Sukari daktari hakuikataza, nami sikumkumbusha.

Baba yake Mukta amekuja. Kondiba. Ameomba siku tano kwa msimamizi wa miwa. Aliketi chini ingawa kiti kilikuwepo. Mikono yake inanuka masizi ya miwa iliyochomwa.

"Mwalimu, wananiona mimi ni baba mbaya."

"Nani anakuona?"

"Mke wangu. Anasema nimwache tu akae hapa. Nikimwacha akae tu, nani atakata? Lakini akienda Pune nitakata kwa meno."

Nikamwambia mpinzani ni mzuri pia, msichana wa Sangli anayeitwa Sayali.

"Najua. Mama yake anauza vitunguu sokoni. Nimeuliza." Akanyamaza. "Nimesikia wewe ndiye mwamuzi. Nimetulia."

"Umetulia kwa nini?"

"Kwa sababu akianguka mbele yako, nitajua kweli ameanguka. Nitamchukua niende naye bila kinyongo."

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Chimi akaingia mbio na mkate mkononi, akamrukia mgongoni, akamwita babu wa udongo — baba wa ndugu yake wa udongo, kwa hesabu yake, ni babu. Kondiba akacheka. Nikaliacha neno likarudi.

Jumapili, 16 Machi

Imekwisha. Kashinda. Mukta anakwenda Pune.

Niandike kwa utaratibu.

Mapambano ya nazi yalianza baada ya chakula cha mchana. Hayo ni ya wadogo. Mshindi hupata nazi, aliyeshindwa hupata kipande. Chimi aliangushwa na msichana mdogo kuliko yeye. Akapiga udongo. Akaendelea kupiga, mara saba, mara nane, watu wakavunjika mbavu.

"Umesikia, Mwalimu?" akaniuliza akiwa bado chali.

"Hata Pune wamesikia."

Moyo wangu ulikuwa mwepesi wakati huo. Jua, vumbi, harufu ya manjano. Nilifikiri, Yesba angekuwepo.

Kisha wao wawili. Tuliwashika mikono, tukawazungusha uwanja wawaone watu wote, kama ilivyo desturi. Nikakagua kucha zao kwa kidole gumba. Za Sayali zimekatwa mpaka kwenye nyama. Mkono mkavu, mdogo kuliko nilivyotarajia. Aliniinamia akanigusa miguu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, na sisi tumefundishwa kupiga."

"Vizuri, mwanangu."

Ngoma zikaanza. Sarjerao upande mmoja, Hindurao upande wa pili, mimi kati, karibu nao kiasi cha kusikia pumzi. Mukta hupumua kwa pua, ina mluzi kidogo. Sayali hupumua kwa mdomo. Nilifuata mluzi. Mluzi ukapanda, ukashuka, ukazunguka nyuma yangu. Watu walikuwa wanapiga kelele majina yote mawili. Nikasikia sauti ya Kondiba, moja tu kati ya zote: "Mukta! Mkumbuke mama yako!"

Halafu mshindo. Vumbi.

Ngoma zilikuwa kali. Nikasema, "Endeleeni."

Wakaendelea. Mara mshindo wa pili, na makofi matatu, wazi, ya mkono wa kulia. Ya Sayali. Nikauinua mkono wa Mukta. Ulikuwa mzito. Niliuvuta.

Watu wakaingia uwanjani. Wakamfunga Mukta kilemba cha rangi ya zafarani. Kondiba akanishika miguu, nikahisi unyevu wa uso wake kwenye vidole vyangu.

Baadaye Hindurao alinijia, mpole. "Mwalimu, Sayali anasema wa kwenu alipiga udongo mapema. Anasema ndiyo sababu alimlegeza."

"Ngoma, Ustadhi. Ngoma zilikuwa kali."

"Basi ngoma," akasema. "Neno la mwamuzi ni neno." Akamwambia mtu wake afunge mizigo, wataondoka asubuhi baada ya chai. Wamelala shuleni, jirani na kwangu.

Sarjerao alinishika mkono kunishusha ukingoni. Ameshika vizuri kama siku zote.

Nimefarijika. Imekwisha, na sitasimama tena pale. Sarjerao ameshika uamuzi kuanzia kesho. Mukta anakwenda Pune, Kondiba atakata na shemeji yake, mama atalala na mgongo wake kwa amani. Nani ameumia? Sayali ana miaka kumi na minne. Mwakani atarudi.

Ngoma zilikuwa kali.

Jumatatu, 17 Machi

Jana niliandika mara tatu kwamba ngoma zilikuwa kali. Nimefungua ukurasa, nimeupitisha ukingoni mwa jicho, na maneno hayo tu ndiyo niliyoweza kuyasoma. Nimeyaandika kwa herufi kubwa kuliko mengine.

Mukta alikuja asubuhi, Nalini akiwa bado anafagia. Amevaa sare ya shule. Kilemba kakikunja vizuri, kakiweka mezani, upande wa kushoto. Chimi alikuwa naye. Mukta akamwambia asubiri nje. Chimi akakaa kizingitini, ambako ni nje kwa hesabu yake.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza kitu."

"Uliza."

"Jana, ule mwanzo. Nilipokwenda chini. Nadhani nilipiga udongo."

"Unadhani?"

"Nilihisi mabega yote mawili. Nikapiga. Yeye akaniachia. Halafu ukasema endeleeni, mwili ukageuka wenyewe, nikamkuta yuko chini yangu." Anaongea haraka, hana mluzi leo. "Ustadhi Sarjerao anasema mgongo wa Sayali ulimkinga, hakuona. Baba anasema niache, Mungu kapanga."

"Nilisikia mimi!" Chimi, kizingitini. "Pa, pa, pa."

"Nyamaza, Chimi. Wewe husikia hata mambo ya kesho." Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Sijalala. Najiuliza kama kweli nilipiga, au niliwaza tu kupiga. Kama niliwaza tu, basi mimi ni mwizi, na huyu hapa mlangoni nimemdanganya kila siku."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akanisogezea kikombe changu cha chai mpaka kikagusa vidole vyangu.

"Mwalimu, labda na masikio yamechoka. Si aibu. Watu huzeeka. Tutatafuta njia nyingine." Akafikiri. "Tunaweza kukugusa mguu. Anayeanguka ananyosha mkono, anakugusa mguu."

Miaka miwili waliyaficha macho yangu. Sasa yuko tayari kuyaficha na masikio, na nafasi ya Pune ikiwa mkononi mwake, na baba yake akiwa chini ya ngazi na begi la safari. Ananipa mlango. Ni kuupita tu. Ningesema ndiyo, binti, masikio pia yameondoka, naye angeniamini, angekwenda Pune akiwa na usingizi wake kamili. Na Sayali angeondoka akijua kwamba mtu akimlegeza aliyekubali kushindwa, ndivyo dunia inavyomfanya.

Nje gari la Sangli likawashwa. Nikamsikia Hindurao akiwahesabu watu wake. Nikamwambia Nalini aache ufagio, akamwambie Sarjerao alizuie gari langoni, na waje hapa wote: Hindurao, Sayali, Kondiba. Nalini hakuuliza kwa nini. Alikimbia na ndala moja.

Kisha nikamtazama Mukta sikio, nikauona uso wake wote, na nikamjibu.

Alivuta pumzi ndefu, ikatoka na mluzi wake. "Afadhali," akasema. Akaketi chini, mgongo ukutani. Yuko hapo sasa. Chimi ameingia, amemlalia mapajani. Sijui watakuja kuamua nini. Kama watarudia pambano, kama kilemba kitakwenda Sangli, kama mwezi wa kumi mtoto huyu atakuwa kwenye miwa. Kifua changu ni chepesi, na naona aibu kwamba ni chepesi, na bado ni chepesi.

Viatu vinapanda ngazi. Sarjerao mbele, namjua. Nyuma yake miguu mitupu, ya Kondiba. Nyuma yake hatua ndogo, za msichana.

Naandika haraka neno nililomwambia Mukta, maana ndilo nitakalowaambia na wao, kwa mpangilio huu huu, macho kwanza, kisha hili. Kofi la kushoto. Kavu, halina mwangwi. La kwanza, la pili, la tatu. Nilisikia.